Bomba la Risasi: Kuchemsha Maji Hakusaidii

Wengi wetu tulilelewa na kanuni moja ya maji: chemsha, acha yapoe, chuja kwa kitambaa safi, ndipo unywe. Kanuni hiyo imewaokoa watoto wengi na kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini familia iliyohamia Chicago, Newark au Glasgow na kupanga nyumba kuukuu inaweza kuifuata kila jioni na bado ikawa inampa mtoto sumu. Moto huua vijidudu, ila risasi si kijidudu, ni madini. Maji yakichemka hupungua kwa mvuke, risasi yote hubaki sufuriani, na kila kikombe kinachotoka hapo huwa na risasi nyingi kuliko kabla ya kuwasha jiko.

Risasi hiyo haitoki ziwani wala mtoni. Maji ya Chicago hutoka Ziwa Michigan, na yanapoondoka kwenye mitambo ya kusafishia huwa karibu hayana risasi kabisa. Huiokota mwishoni mwa safari, katika bomba jembamba linalotoka kwenye bomba kuu la barabarani, likapita chini ya bustani ya mbele na kuingia nyumbani kwako. Tuliite bomba la kuingilia. Ndiyo maana nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kutumia maji yaleyale, moja ikawa salama na ya pili isiwe. Na ndiyo maana kazi yako ina mpangilio: kulijua bomba lako, kukinga maji ya kunywa kuanzia leo, kisha kuhakikisha bomba linaondolewa lote, si nusu.

Kwa nini liko hapo, na linadhuru vipi

Mafundi wa zamani waliipenda risasi kwa sababu ni laini, hupindika bila kukatika ardhi inaposogea, na hudumu miaka mingi. Chicago ilikwenda mbali zaidi: kanuni zake za ujenzi zilitaka mabomba madogo ya kuingilia yawe ya risasi hadi mwaka 1986, Bunge la Marekani lilipoyapiga marufuku nchi nzima. Jiji hilo sasa linakadiriwa kuwa na mabomba 400,000 hivi ya aina hiyo, mengi kuliko jiji lingine lolote Marekani. Kwa nchi nzima, Shirika la Hifadhi ya Mazingira, EPA, lilikadiria mwaka 2023 kuwa yako milioni 9.2. Uingereza, nyumba ya kutiliwa shaka ni ile iliyojengwa kabla ya mwaka 1970. Kanada, ni ile ya kabla ya 1975.

Risasi ndani ya maji haina rangi, harufu wala ladha. Mtoto mdogo anaweza kufyonza karibu nusu ya risasi aliyoimeza, wakati mtu mzima hufyonza karibu sehemu moja ya kumi. Mwili huichukulia kama kalsiamu na kuihifadhi kwenye mifupa kwa miaka. Mama akishika mimba, mifupa yake hutoa kalsiamu kwa ajili ya mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo na kuvuka kondo la nyuma. Kwa mtoto madhara makubwa huwa kwenye ubongo: kujifunza kwa shida, kutotulia, masomo kushuka. Kwa mtu mzima ni shinikizo la damu na figo. Wasomaji wa Pwani ya Kenya wanakumbuka Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliochafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, hadi mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia mwaka 2020. Pale moshi na vumbi vilionekana. Risasi ya bomba huingia kimya, na hakuna kiwango chake ambacho wataalamu wanakihesabu kuwa salama kwa mtoto.

Anza na karatasi

Kabla ya kushika tochi, tafuta rekodi. Tangu Oktoba 2024 kila mamlaka ya maji Marekani inatakiwa kuwa na orodha ya mabomba ya kuingilia inayoonekana na umma. Katika miji mingi unaandika anwani yako kwenye tovuti yao na jibu linatoka. Majibu ni ya aina nne: risasi, chuma cha zinki kinachopaswa kubadilishwa, si risasi, na haijulikani. Hilo la mwisho ndilo huwapotosha watu. "Haijulikani" maana yake hakuna aliyechimba wala kutazama. Haikupi ruhusa ya kulala. Nyumba ikiwa ni ya kabla ya 1986, lihesabu bomba kuwa la risasi mpaka ithibitike vinginevyo.

Wanaohudumiwa na mabomba ya aina ya kwanza, ya pili na ya nne wanapaswa kuandikiwa barua kila mwaka. Barua hiyo hufanana sana na bili, na kwa mtu ambaye Kiingereza bado kinamsumbua, ni rahisi ikaishia kwenye pipa la taka. Ukiona bahasha ya idara ya maji, mpe anayesoma vizuri aisome yote, au piga simu na uombe mkalimani wa Kiswahili.

Ukiishi kwenye jengo kubwa lenye fleti nyingi, hatari ya bomba la kuingilia ni ndogo, maana mabomba ya risasi kwa kawaida hayazidi kipenyo cha inchi 2, na majengo makubwa hupokea maji kwa mabomba mapana ya chuma. Walio kwenye hatari zaidi ni wakazi wa nyumba za familia moja, mbili au tatu, hasa za kabla ya Vita Kuu ya Pili.

Shuka besimenti

Bomba la kuingilia hutokeza kwenye ukuta au sakafu ya besimenti, upande wa barabarani, karibu na mita ya maji na koki kuu ya kufungia. Beba tochi, sarafu na sumaku ndogo, hata ile ya mlango wa friji. Uingereza, pa kuanzia ni chini ya sinki la jikoni au ilipo koki kuu ya ndani.

Chagua sehemu iliyo kati ya ukuta na koki. Ikiwa imepakwa rangi, kwangua kidogo hadi ufike kwenye bomba lenyewe, kisha likwaruze taratibu kwa ukingo wa sarafu. Usitumie kisu wala tupa, maana bomba la zamani linaweza kutoboka.

Risasi ni ya kijivu iliyofifia, lakini ukiikwaruza hung'aa kama fedha mpya, na sarafu huacha alama kirahisi kwa sababu ya ulaini wake. Sumaku haishiki. Ukiligonga bomba hutoa sauti nzito, isiyolia. Mara nyingi karibu na koki kuna uvimbe mviringo, ambapo fundi wa zamani aliunganisha bomba kwa risasi iliyoyeyushwa.

Shaba huwa na rangi ya sarafu ya shaba inapokwaruzwa. Sumaku haishiki, na bomba ni gumu. Plastiki utaitambua kwa wepesi wake, na kwa viungo vilivyogundishwa au kubanwa.

Chuma kilichopakwa zinki, kile ambacho mafundi wa Dar es Salaam na Nairobi hukiita GI, hunasa sumaku papo hapo. Usishangilie bado. Ikiwa chuma hicho kiliwahi kupokea maji yaliyopita kwenye risasi, kutu iliyo ndani yake imenasa chembe za risasi kwa miaka na inaweza kuzitema wakati wowote. Kwa hiyo kanuni za Marekani zinataka nacho kiondolewe.

Kumbuka pia kwamba unachokiona ni kipande cha ndani tu. Inawezekana mwenye nyumba aliweka shaba inayong'aa besimenti huku upande wa barabarani ukabaki risasi tupu. Piga picha, iandike tarehe, itume idara ya maji, na waulize upande wao ni wa nini. Wapo wanaochimba shimo dogo kuthibitisha.

Kupima maji, na jinsi ya kusoma majibu

Miji mingi hupima bure. Chicago unapiga 311 na kuomba vifaa vya kupimia. Kwingine, tafuta maabara iliyoidhinishwa na jimbo. Jihadhari na muuzaji anayebisha hodi, akatia matone kwenye glasi, maji yakageuka rangi, kisha akakuuzia mtambo kwa mkopo.

Sampuli nzuri huchukuliwa asubuhi, baada ya maji kukaa bombani saa 6 au zaidi: bila mtu kuoga, bila kuvuta choo, bila mashine ya kufulia. Lita ya kwanza hueleza hali ya koki na viungo vya jikoni. Lita ya tano hukaribia maji yaliyolala ndani ya bomba la kuingilia, kwa hiyo omba zote mbili zipimwe. Usifungulie maji kwanza ili yawe masafi. Hapo utakuwa umejidanganya.

Majibu huja kwa maikrogramu kwa lita. Marekani, mamlaka hulazimika kuchukua hatua sampuli za mji zinapovuka 15, na kanuni ya Oktoba 2024 inashusha kiwango hicho hadi 10. Uingereza ni 10, na mwongozo wa Kanada ni 5. Hizo ni namba za kuiamsha mamlaka. Hazisemi kwamba mtoto aliyekunywa 9 yuko salama. Tena kipimo kimoja chenye jibu zuri hakimalizi shaka, kwa sababu risasi hutoka pia kama chembe, leo hakuna na kesho chembe moja imeanguka kwenye glasi.

Flint, Michigan, ilitoa somo jingine. Kwa miaka mingi mabomba yake ya risasi yalitulia, kwa kuwa maji yaliyonunuliwa Detroit yalitiwa fosfeti, kemikali inayojenga utando ndani ya bomba. Aprili 2014 mji ulihamia maji ya Mto Flint ili kupunguza gharama, na kemikali hiyo haikutiwa. Utando ukaliwa, risasi ikaingia majumbani. Oktoba 2015 mji ulirudi kwenye maji ya Detroit, baada ya vipimo vya wanasayansi wa Virginia Tech na takwimu za damu za watoto zilizotolewa na daktari Mona Hanna-Attisha. Mabomba yalikuwa yaleyale siku zote. Kilichobadilika ni uamuzi wa ofisini. Anayeishi na bomba la risasi anategemea kwamba hakuna atakayekosea kwenye mtambo wa maji, mwaka baada ya mwaka.

Kinga ya leo

Kubadilisha bomba huchukua miezi, pengine miaka. Kiu haisubiri. Nunua filta, ila usiichague kwa picha ya maporomoko iliyo kwenye boksi. Tafuta maandishi haya: NSF/ANSI 53, yakifuatwa na neno la Kiingereza la risasi, *lead*, kisha NSF/ANSI 42 kwa ajili ya chembe. Filta nyingi za jagi na za friji huondoa ladha ya klorini tu. Badilisha katriji kwa wakati ulioandikwa, na usipitishe maji ya moto ndani yake. Kabla ya kulipa, uliza idara ya maji, kwani baadhi ya miji hutoa filta bure kwa wenye mabomba ya risasi.

Maji ya filta ni ya kunywa, na ni ya chochote kinachonywa maji: wali, uji, ugali, chai, na maharage yanayochemka muda mrefu. Maziwa ya unga ya mtoto yaje kwanza kabisa, kwa kuwa mtoto anayeyatumia hunywa maji mengi kuliko yeyote nyumbani ukilinganisha na uzito wake. Kama huwezi kuachana na desturi ya kuchemsha, chuja kwa filta kwanza, ndipo uchemshe. Na usipikie maji ya koki ya moto hata kama yanaokoa muda. Maji ya moto huyeyusha risasi haraka zaidi.

Maji yakilala usiku kucha au nyumba ikishinda tupu, fungulia koki ya baridi dakika 5 au zaidi kabla ya kuchota. Kuoga au kufua kwanza hufanya kazi hiyohiyo bila kupoteza maji. Kila mwezi fungua kichujio kidogo cha wavu kilicho kwenye mdomo wa koki ukioshe, maana chembe hukaa humo. Kuoga, kufua, kuosha vyombo na kutawadha havina neno, kwa sababu ngozi haifyonzi risasi ya maji. Watoto tu wasimeze.

Lote au usiguse

Bomba la kuingilia mara nyingi lina wenyewe wawili. Upande wa barabarani ni wa mji, upande wa uwanjani ni wa mwenye nyumba. Kutokana na mgawanyo huo ilizoeleka kazi mbaya: mji unabadilisha kipande chake wakati wa kutengeneza barabara, kisha unaunganisha shaba mpya na risasi ya zamani. Msumeno na mtikisiko hubandua utando na kumwaga chembe, na metali mbili zikigusana ndani ya maji, risasi huliwa upesi zaidi. Nyumba hiyo inaweza kunywa risasi nyingi kwa wiki au miezi kuliko kabla ya kuguswa. Illinois imepiga marufuku kazi ya nusu kwa sheria iliyoanza 2022. Popote ulipo, fundi akikwambia atabadilisha upande mmoja tu, mwombe asubiri.

Kazi kamili ina njia kadhaa. Ipo ya kuchimba mtaro kutoka barabarani hadi ukutani. Ipo ya kuchimba mashimo mawili, moja kila upande, kisha kulivuta bomba la zamani huku jipya likifuata nyuma, au kutoboa njia mpya chini ya ardhi. Hiyo ya pili huokoa bustani na ngazi za mbele. Bomba jipya huwa la shaba au plastiki maalumu ya maji ya kunywa, na maji hukatwa kwa saa kadhaa. Kabla ya kusaini, mwulize fundi bomba kama ana leseni na kibali cha mji, kama bei inajumuisha kurudisha sementi na majani, na nani atashughulikia waya wa ardhi wa umeme. Swali hilo la mwisho watu hulisahau: nyumba nyingi za zamani zimefunga waya huo kwenye bomba la maji la metali. Ukiweka plastiki bila fundi umeme kupanga upya, unabakiza hatari nyingine ukutani.

Gharama ni maelfu ya dola, na Chicago inaweza kupita 20,000. Usitoe akiba yako kabla ya kuuliza. Sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 ilitenga dola bilioni 15 kwa ajili ya mabomba haya, na Chicago ina mpango wa bure kwa wenye nyumba wa kipato cha chini. Newark ilibadilisha mabomba yapatayo 23,000 kwa chini ya miaka mitatu bila kumtoza mkazi hata senti, tena kwa kutunga sheria ndogo iliyowaruhusu mafundi kuingia bila kumsubiri mwenye nyumba anayeishi mbali. Uingereza, ukibadilisha upande wako, kampuni ya maji kwa kawaida hubadilisha wake bila malipo, lakini sharti uombe.

Kazi ikiisha, vua vichujio vya midomo ya koki zote na ufungulie maji ya baridi nyumba nzima kwa nusu saa au zaidi. Endelea na filta kwa miezi 6, kwa sababu mabomba ya ndani yana chembe zilizobaki. Pima tena kati ya mwezi wa 3 na wa 6.

Ukiwa mpangaji

Bomba si lako, lakini mwili ni wako. Mwandikie mwenye nyumba, usiishie kumwambia mlangoni. Taja anwani, tarehe, ulichokiona besimenti na majibu ya kipimo, kisha omba mambo mawili: filta sasa, na aiandikishe nyumba kwenye mpango wa mji. Mara nyingi fomu inataka sahihi yake tu, naye hajui kwamba mpango upo. Mali bila daftari hupotea bila habari: hifadhi nakala, picha na risiti. Zitakufaa ukilazimika kwenda idara ya afya ya mji.

Pamoja na hayo, mpeleke mtoto apimwe damu. Marekani, watoto wenye Medicaid, bima ya afya ya serikali, wanatakiwa kupimwa wakiwa na miezi 12 na miezi 24, na watoto wa wakimbizi wanapendekezewa kipimo wanapowasili. Usisubiri kuambiwa, kitaje kwa jina. Damu ikionyesha risasi, bomba si mshukiwa pekee. Rangi za kuta za nyumba za kabla ya 1978, wanja wa asili, na sufuria zilizosubiwa kwa vyuma chakavu zinaweza kuwa chanzo. Mweleze daktari vyote, hata vile ulivyoletewa zawadi kutoka nyumbani.

Jambo la mwisho halifanyiki peke yako. Miji hupendelea kuchimba mtaa mzima kwa mara moja, kwa sababu mashine na vibali vinagharimu kidogo zaidi kwa kila nyumba, na mtaa wenye fomu nyingi zilizosainiwa huwa na nguvu katika foleni. Habari za mipango hiyo mara nyingi hutangazwa kwa Kiingereza na Kihispania, na nyumba za Waswahili huzipata zikiwa zimechelewa au hazizipati kabisa. Kwa hiyo ukishalijua bomba lako, tangaza baada ya swala ya Ijumaa au ibada ya Jumapili, kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, na kwa jirani aliyewasili mwezi uliopita na bado anachemsha maji ya mtoto kila jioni. Msaidie kuandika anwani yake kwenye tovuti ya mji, likwaruzeni bomba lake pamoja, kisha pelekeni fomu mbili badala ya moja.